Cheti Kisichojieleza: Barua ya Wazi kwa Wakurugenzi wa Kampuni za Bima ya Shehena

Mombasa

Kwa: Wakurugenzi wakuu wa kampuni zinazouza bima ya shehena za baharini nchini Kenya
Nakala: Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, chama chetu cha mawakala, KIFWA

KUH: BIMA MNAYOIUZA KUPITIA MIKONO YETU NA HASARA MNAYOTUACHIA TUIELEZE

Waheshimiwa Mabibi na Mabwana,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni wakala wa kutoa mizigo bandarini hapa Mombasa, mmoja wa wale wenye ofisi ndogo baina ya Moi Avenue na Shimanzi, ambao riziki yao ni kuhakikisha kontena la mteja linatoka Kilindini kabla gharama hazijalimeza. Nawaandikia hadharani kwa sababu njia za faragha zimekwisha. Barua pepe nimetuma, zikajibiwa na mashine. Nimepanda ngazi za tawi moja hapa mjini, nikapewa kiti, chai na ahadi. Nimeandikia makao makuu Nairobi, nikaambiwa suala langu linashughulikiwa, na mpaka leo bado liko hapo hapo. Kampuni yenyewe siitaji. Inajijua, na barua zangu inazo. Nikizungumza na wenzangu wa kazi nasikia malalamiko yale yale kuhusu kampuni tofauti tofauti, ndiyo maana nimewaelekezea nyote.

Lalamiko langu ni hili: mmetugeuza wauzaji wa bima yenu bila leseni na bila mafunzo, na hasara ikija, mlango unaobishwa ni wetu.

Kabla sijaingia ndani, niseme wazi kuwa siipingi sheria. Ilipoanza kusimamiwa Januari 2017, ikimtaka mwagizaji wa Kenya akate bima ya shehena kwa kampuni iliyosajiliwa hapa nchini, nia ilikuwa pesa zilizokuwa zikienda kwa kampuni za ng'ambo zibaki nyumbani. Nia njema. Lakini mkumbuke kwamba mteja huyu hamkumtongoza sokoni, mmeletewa na serikali. Hawezi kusema "sitaki". Mtu asiye na hiari ya kukataa anastahili kuelezwa zaidi ya yule anayeweza kugeuka na kwenda zake, na ninavyoona mimi, mnamweleza kidogo zaidi.

1. Herufi moja inayoamua kila kitu

Bima nyingi za shehena duniani, zenu zikiwemo, zinafuata masharti ya London yaliyoanza kutumika Januari 2009, nayo yana ngazi tatu: A, B na C. Nyinyi mnayajua kwa ghibu. Mteja wangu hayajui. C ndiyo nyembamba. Inalipa moto, mlipuko, meli kuzama, kukwama, kupinduka au kugongana, lori kupinduka, treni kuacha reli, mzigo kutoswa baharini ili chombo kisizame, na machache mengine ya aina hiyo. Wizi haumo. Boksi lililoporomoka kutoka kwenye winchi halimo. Maji yaliyoingia kontenani hayamo. B inaongeza tetemeko, radi, maji ya bahari, ya ziwa au ya mto kuingia ndani, na kifurushi kizima kinachopotea kwa kuanguka wakati wa kupakia au kupakua. A ndiyo inayobeba hatari zote, isipokuwa zile zilizotajwa kwamba hazimo.

Katika mfumo wa mtandaoni ninaoutumia, herufi hiyo ni kisanduku kidogo pembeni, na kinajichagua chenyewe: C, kwa sababu ndiyo rahisi. Unabonyeza, cheti kinatoka, forodha inakipokea, kila mtu anashukuru. Hakuna mahali popote ambapo mwenye mali anaambiwa, kwa lugha anayoielewa, kwamba mzigo wake ukiibwa njiani hapati hata shilingi.

Mteja wangu mmoja, mama anayeuza leso na vitambaa Biashara Street, aliagiza marobota kutoka India. Hakuwa mtu wa kubana senti. Alilipia B, akiamini amepanda ngazi na sasa yuko salama. Kontena lilifika wakati wa masika. Tulipolifungua, marobota ya juu yalikuwa yameloa chepechepe na kuanza kuota ukungu, na ukijifungia ndani milango ikafungwa, ulikuwa ukiona mwanga wa jua ukipenya kwenye tundu darini. Mkaguzi wa hasara akaja, akadondosha ile dawa yao ya nitrati ya fedha kwenye kitambaa kilicholoa. Kama maji ni ya bahari, chumvi iliyomo huifanya dawa igeuke nyeupe. Haikugeuka. Basi ni maji ya mvua. Na B, waheshimiwa, inalipa maji ya bahari, ya ziwa na ya mto. Ya mvua haimo.

Mama yule aliniuliza, "Mwanangu, maji si maji? Ama leso zangu zilikuwa zichague zirowe na yapi?"

Msiniambie nimeleta kisa cha kutia huruma. Mkaguzi alisema kweli, na kampuni ilisoma masharti kama yalivyoandikwa. Ninachouliza ni kwa nini tofauti hiyo ijulikane siku ya kufungua kontena, wakati ingeweza kujulikana siku ya kulipa. Chini ya A dai lile lingesimama. Ada ya bima ya shehena ya kawaida aghalabu haifiki asilimia moja ya thamani ya mzigo, na nyongeza ya kutoka B kwenda A ni ndogo mno mbele ya marobota yaliyotupwa. Angeambiwa, angeilipa palepale bila hata kubishana bei, naye ni mwanamke ambaye hubishana bei na kila mtu.

2. Mshauri ni nani?

Sheria ya bima inataka anayeuza bima awe na leseni ya kazi hiyo, awe ajenti au awe dalali. Leseni yangu ni ya forodha. Lakini bima ya shehena imepitishwa kwetu kwa sababu sisi ndio tunaojaza tamko la forodha na sisi ndio tunaojua meli inatia nanga lini. Maafisa wenu wa mauzo huja ofisini na kalenda na kalamu, hutufungulia akaunti, hutuonyesha pa kubonyeza. Basi. Nikiuliza kuhusu masharti, naambiwa yote yamo kwenye faili nitakayotumiwa. Faili inakuja, ni kurasa za Kiingereza cha mawakili, herufi za kumfanya mtu atafute miwani.

Hasara ikitokea, sentensi ya kwanza ya ofisi zenu kwa mteja ni: "Kwani wakala wako hakukueleza?" Ushauri tusioruhusiwa kuutoa ghafla unakuwa ushauri tuliopaswa kuutoa. Chagueni moja. Kama sisi ni washauri wenu, tufundisheni na mtusajili. Kama si washauri wenu, msitutaje mbele ya mteja.

Na kuna mkanganyiko mwingine mnaouacha uendelee kwa kuwa hauwagharimu nyinyi. Wateja wengi wanaamini kwamba wakala akiwa na bima, mzigo wao una bima. Bima ya ofisi yangu ni ya dhima. Inanilinda mimi nikidaiwa kwa kosa langu, tena kwa kiwango kilichowekewa mpaka. Mzigo ukiharibika bila kosa langu, mwenye mali haimpi kitu. Wengine, hasa wanaoagiza kwa mara ya kwanza, wanaamini meli italipa. Hao huwa nawafanyia hesabu kwenye karatasi. Chukua mashine moja ya kilo 500 yenye thamani ya dola 40,000. Kwa kanuni za kimataifa za Hague-Visby, zinazofuatwa na bili nyingi za shehena, yaani hati za meli za kupokea mzigo, kampuni ya meli hata ikikubali kosa haidaiwi zaidi ya SDR 666.67 kwa kifurushi au SDR 2 kwa kila kilo, kile kilicho kikubwa, isipokuwa kama thamani ilitajwa ndani ya bili tangu mwanzo. Kilo 500 ni SDR 1,000. SDR ni kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na elfu moja zake hazifiki dola 1,500. Dola 38,500 na ushei zilizobaki ni za mwenye mashine kulia nazo. Hapo bado meli haijatoa orodha yake ya sababu za kujitoa, ambayo inaanzia dhoruba na kufika hadi kosa la nahodha katika kuendesha chombo. Na mwenye mali ana mwaka mmoja tu wa kwenda mahakamani.

Hesabu hiyo inatosha kumuuzia mtu bima kuliko kalenda zenu zote. Sijawahi kuiona katika karatasi yoyote mliyoniletea.

3. Anayelipa mara mbili

Mwagizaji akinunua kwa CIF, yaani mali, bima na nauli kwa pamoja, bei yake tayari ina bima iliyokatwa na muuzaji. Kwa Incoterms 2020, kanuni za kimataifa za masharti ya mauzo, muuzaji huyo halazimiki kukata zaidi ya C. Iliyopandishwa hadi A ni CIP, mtindo mwingine ambao muuzaji hulipia nauli na bima. Mzigo ukikaribia Mombasa, cheti cha hapa nyumbani kinadaiwa, mteja analipa tena. Anakuwa na bima mbili, mara nyingi zote za ngazi ya chini, na hasara moja hailipwi mara mbili. Halafu kwa kuwa ushuru katika Jumuiya ya Afrika Mashariki unahesabiwa juu ya bei ya mali, bima na nauli kwa pamoja, ile bima ya muuzaji isiyomsaidia nayo inatozwa ushuru.

Dawa yake ni sentensi moja: agiza kwa FOB, FCA au CFR, mitindo ambayo bei yake haina bima ndani, kisha ukate bima yako mwenyewe hapa. Tangu 2017 ni miaka mingi, na ankara za CIF bado zinapita mezani kwangu. Nani alitakiwa kuisema sentensi hiyo?

4. Kinga inakoishia

Masharti yanasema kinga huanza mzigo unaposogezwa ghalani kwa muuzaji ili upakiwe, na huisha unapomaliza kupakuliwa kwenye ghala la mwisho lililotajwa, au siku 60 baada ya kushushwa kutoka melini, lolote litakalotangulia. Sasa chungulieni vyeti vyenu. Mfumo ninaoutumia unajaza "Mombasa" wenyewe kama mwisho wa safari, hauulizi. Mzigo unakwenda Eldoret, Kampala au Juba. Mwingine unapanda treni ya SGR hadi Embakasi au Naivasha na kuendelea mbele kwa lori. Lori likipinduka Mazeras, safari iliyokatiwa bima iliishia nyuma huko, upande wa pili wa daraja la Makupa.

Na yule anayeliacha kontena kwenye CFS, yadi ya makontena nje ya bandari, kwa hiari yake, akilifanya stoo huku akitafuta mnunuzi, kinga inaweza kumkatikia kabla hata ya hizo siku 60. Wako wengi wanaofanya hivyo. Hakuna aliyewaambia.

5. Bahari ya Shamu, Idi, na michango ya wote

Tangu mwishoni mwa 2023, Wahouthi wa Yemen walipoanza kushambulia meli katika Bahari ya Shamu, waagizaji wetu wa bidhaa za Ulaya na Uturuki wameishi kwa wasiwasi. Vita haimo katika A, wala B, wala C. Inaongezwa kwa masharti yake maalumu, na hata hayo yanalinda mzigo ukiwa majini tu; ukishashushwa nchi kavu hayana kazi. Meli nyingi zikaamua kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari zikarefuka. Mfanyabiashara mmoja ninayemhudumia aliagiza nguo za watoto kutoka Uturuki kwa ajili ya Idi. Zilifika zikiwa nzima kabisa, hakuna uzi uliotoka, na Idi imeshapita. Akaja na cheti chake cha A mkononi.

Ucheleweshaji haulipwi, hata kwa A. Siwalaumu kwa hilo. Ndivyo bima ya shehena ilivyo duniani kote. Nalaumu kwamba mtu huyo aliuziwa A na afisa wenu, mbele yangu, kwa maneno haya: "Hii inalipa kila kitu, mzee." Hailipi kila kitu. Hailipi kuchelewa, hailipi ufungaji mbovu wa mwenye mali, hailipi kitu kuoza kwa asili yake, wala uvujaji na upungufu wa kawaida wa safari. Muuzaji asiyejua anachouza, akamkimbia mteja, ni bora kuliko anayemhakikishia uongo.

Upande mwingine mnayo hoja nzuri sana na mmeifungia kabatini. Machi 2021 meli ya Ever Given ilipokwama katika mfereji wa Suez kwa siku 6, mwenye meli alitangaza hasara ya pamoja. Maana yake wote wenye mizigo ndani ya chombo wachangie gharama za kukiokoa, hata ambao maboksi yao hayakuguswa, na asiyetoa dhamana hapewi mzigo wake. Mwenye bima huiachia kampuni yake ya bima itie sahihi dhamana hiyo. Asiye na bima hutafuta pesa taslimu. Na mchango huo hulipwa hata na C! Nimewaeleza wateja kisa hicho wakaacha kuiita bima "kodi nyingine". Kazi hiyo ilikuwa yenu.

6. Dai likishawasilishwa

Hapa ndipo subira yangu ilipokwisha. Kontena lenye mzigo ulioharibika haliguswi mpaka mkaguzi wa hasara alione. Mkaguzi haji mpaka Nairobi iidhinishe. Nairobi haipokei simu Jumamosi alasiri wala Jumapili. Wakati wote huo yadi inatoza, na kampuni ya meli inahesabu siku za kontena lake tupu lisiporudi. Gharama za kusubiri hamlipi. Mnasema ni ucheleweshaji. Ucheleweshaji wa nani?

Kisha zinakuja nyaraka. Ankara, orodha ya vifurushi, bili ya shehena, ripoti ya mkaguzi, picha, barua ya kuilalamikia kampuni ya meli. Zote ni haki yenu kuzidai. Lakini mnazidai kwa mkupuo mdogo mdogo: leo mbili, wiki ijayo moja, mwezi ujao mnadai tena ile ya kwanza kwa sababu afisa amebadilika. Iliyo mbaya kuliko zote ni hiyo barua kwa kampuni ya meli. Kwa kanuni za Hague-Visby, uharibifu usioonekana kwa nje unapaswa kuarifiwa ndani ya siku 3 tangu kupokea mzigo. Mteja anaambiwa kuhusu barua hiyo na afisa wenu wa madai wiki ya pili au ya tatu, kisha anaambiwa amewaharibia haki yenu ya kumdai mwenye meli, na kwa hiyo fidia yake inatiliwa shaka. Waheshimiwa, mtu mwenye duka la vitambaa atajuaje habari ya siku 3? Angeijulia wapi?

7. Majibu ninayoyatarajia

"Mteja alichagua mwenyewe." Alichaguliwa na kisanduku, nimeshaeleza.

"Soko linataka bei ya chini." Ni kweli, na nitakuwa mkweli kwenu: wapo waagizaji wanaoandikisha thamani pungufu ili ushuru upungue, kisha wanashangaa fidia ikija pungufu. Aliyekatia bima 60 katika thamani ya 100 hulipwa asilimia 60 ya hasara yake, na hapo hana wa kumlaumu. Lakini ni nani kati yenu ameliandika hilo kwenye cheti mahali linapoonekana? Na kwa anayetaka kufanya sawa, kwa nini hashauriwi kukata kwa ile desturi ya biashara, thamani ya CIF pamoja na asilimia 10 juu yake?

"Masharti ni ya London, hatuwezi kuyabadilisha." Sijaomba myabadilishe. Naomba myaeleze.

"Mawakala nao wasome." Tuko tayari. Wengi wetu tumekalia mafunzo ya forodha usiku baada ya kazi, tukajilipia wenyewe. Fungueni darasa la bima Mombasa tuone kama viti vitabaki wazi.

Jibu la mwisho, ninaloliogopa zaidi, ni la mawakili wenu: mkataba ni mkataba. Sawa, tuusome wote. Sheria ya Bima ya Baharini ya Kenya, Sura ya 390, iliyofuata nyayo za sheria ya Uingereza ya 1906, inasema mkataba wa bima ya baharini umesimama juu ya nia njema kamili, na wajibu huo ni wa pande zote mbili. Upande wa mteja mnaukumbuka vizuri. Akisahau kutaja jambo moja kwenye fomu, mnamnukulia kifungu. Mimi nauliza kuhusu upande wa pili.

8. Tunachoomba

a) Kabla ya malipo, mteja aonyeshwe ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi unaosema ngazi aliyochagua inalipa nini na hailipi nini. Wizi, mvua, vita na kuchelewa vitajwe kwa majina. Kisanduku cha A, B na C kisijichague chenyewe.

b) Mwisho wa safari uulizwe kila mara. Mfumo usijaze "Mombasa" kwa niaba ya mtu anayepeleka mzigo Kampala.

c) Kila cheti kiwe na nambari ya simu ya mshauri mwenye leseni, aliyeko Mombasa, anayejibu. Kama mnataka sisi tuwe hao washauri, mtufundishe, mtusajili na mtulipe kwa uwazi.

d) Mkaguzi wa hasara afike ndani ya saa 24 tangu kuarifiwa, siku zote saba za wiki, kwa idhini ya tawi la hapa.

e) Orodha ya nyaraka za dai itolewe mara moja, ikiwa nzima, pamoja na barua ya mfano ya kuilalamikia kampuni ya meli. Hiyo barua ya mfano iambatanishwe na cheti tangu siku ya kwanza. Uamuzi wa dai utolewe ndani ya siku 30 tangu nyaraka kutimia, na ukiwa ni wa kukataa, kifungu kilichotumika kitajwe.

f) Kampuni iliyohusika na leso za Biashara Street imjibu mama yule kwa maandishi, kwa Kiswahili, imweleze kwa nini mtu anayeagiza vitambaa aliuziwa kinga isiyolipa mvua bila kuambiwa. Majibu ya simu ameshayapata ya kutosha.

Naomba majibu yenu yawe ya hadhara kama barua hii ilivyo. Mkipenda kukaa nasi mezani, ukumbi tutautafuta sisi, na wateja watakuja na vyeti vyao.

Wakati tunasubiri, nimekwisha kuandika ukurasa wangu wa Kiswahili unaoeleza A, B na C, mwisho wa safari, zile siku 3 na zile siku 60. Ofisini kwangu hakuna cheti kitakachobonyezwa kabla mteja hajausoma, au kusomewa, na kuutia sahihi. Wakala yeyote wa Mombasa anayeutaka aje auchukue bure. Na mteja akiniuliza akate bima kwa kampuni gani, nitamtajia ile itakayokuwa ya kwanza kuijibu barua hii.

Wenu katika kazi,

Wakala wa kutoa mizigo,
Mombasa